Kurejea Nyumbani Baada ya Miezi Barabarani: Somo kwa Madereva wa Masafa Marefu na Jamaa Zao



Somo letu la toleo hili linahusu sehemu ya safari isiyoandikwa katika hati yoyote ya forodha. Ni ile hatua ya mwisho, kutoka pale dereva anapozima injini hadi mlango wa nyumba yake, pamoja na siku za mwanzo anazokaa humo. Shehena ya kwenda Juba, Goma au Kigali hupimwa, hufungwa lakiri na kufuatiliwa mpaka ifike. Mtu aliyeibeba akirudi kwa watu wake, ni nadra kuulizwa amefikaje.

Tumeona jambo hili linastahili somo kwa sababu linagusa usalama wa jamii. Miongoni mwa magomvi ya nyumbani yanayoletwa mbele yetu, yamo yanayozuka siku chache tu tangu mmoja wa wenye nyumba arejee kutoka safari ndefu. Mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyerudi alikuwa na hamu ya watu wake, nao walikuwa wakimngoja. Lakini kila upande ulimtarajia mwenzake awe vilevile alivyokuwa siku ya kuagana. Mafunzo haya tunawaelekezea madereva na matingo wa malori, ila mfanyabiashara wa kuvuka mipaka, mwanamke kwa mwanamume, na kila anayerudi kutoka kazi ya mbali, anaweza kuyatumia.

Kwanza: Maisha ya ndani ya kabini

Dereva anayetoka Mombasa kwenda Kampala hukata kiasi cha kilomita 1,170. Anayeendelea hadi Kigali hupita 1,600. Hesabu ya kilomita haitoshi kueleza muda anaokaa nje, kwa kuwa kuna siku za kungoja kupakia, siku za foleni mpakani, siku za kungoja kushusha, na mara nyingi mzigo mwingine hupatikana kabla hajageuza gari kuelekea kwao. Hivyo wiki hujumlishwa na wiki, ikawa miezi.

Muda wote huo kabini ya lori ndiyo nyumba yake. Hulala katika kitanda chembamba nyuma ya kiti, hupika kwa jiko dogo kando ya gurudumu, huoga kwa kulipia, na huanika shati lake kwenye kioo cha pembeni. Humo ndani yeye ndiye mkuu. Akitaka kimya hupata kimya, akitaka redio huifungua, na utingo akiambiwa neno hulitii. Wakati huohuo anaishi chini ya macho ya watu wengine. Mwenye gari hupiga simu kuuliza kwa nini gari limesimama, lakiri ya kielektroniki huonyesha kila alipokengeuka, na usiku hulala huku akisikiliza kama kuna mtu anayekata turubai au kunyonya mafuta katika tangi.

Kwa hiyo barabara humfundisha tabia mbili kwa pamoja: kuamrisha aliye ndani na kumshuku aliye nje. Tabia hizo humlinda yeye na mali ya watu. Matata huanza anapozibeba zote mbili hadi sebuleni.

Pili: Nyumba haikusimama ikimngoja

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Msemo huu umewaponza wengi, kwa sababu aliyekuwa safarini hurudi akidhani aliwaacha panya. Ukweli ni kwamba alimwacha mwenzake aendeshe nyumba. Mama ndiye aliyepatana na fundi paa lilipovuja, ndiye aliyemkimbiza mtoto kituo cha afya usiku wa manane, ndiye aliyemwomba mwalimu mkuu akubali karo kwa awamu. Mtoto wa kwanza, kijana wa miaka 15, alianza kufunga lango kila jioni na kulala karibu na mlango. Bibi alihama chumba. Mbuzi mmoja aliuzwa ili deni la duka lilipwe.

Baba akirudi na kuuliza kwa sauti ya juu ni nani aliyeamuru mbuzi auzwe, au akampokonya kijana ufunguo wa lango bila neno, hajarudisha utaratibu wowote. Ameuvunja utaratibu uliowalinda watu wake alipokuwa mbali.

Madereva wenyewe wanayo desturi nzuri inayoweza kuwa dawa. Mmoja akimpokea mwenzake gari katikati ya safari, harukii usukani na kuondoka. Humuuliza kwanza: breki zinashikaje? Gurudumu lipi linapungua upepo? Mzigo umeegemea upande gani? Aliyekuwa akiendesha hueleza, anayepokea husikiliza, kisha huizunguka gari pamoja. Nyumba nayo ipokelewe hivyohivyo. Siku za mwanzo aliyerudi aulize zaidi ya anavyoagiza, na amshukuru aliyekuwa kwenye usukani kabla ya kukosoa mwendo wake. Yule kijana mwenye ufunguo aambiwe, mbele ya wadogo zake, kwamba amefanya kazi ya mtu mzima. Kisha aachiwe ufunguo wake.

Upande wa waliobaki nao una wajibu. Mtu aliyeendesha usiku kucha asipokelewe mlangoni kwa orodha ya madeni na mashtaka ya watoto. Methali yetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba si mgeni kwake, ila kipimo hicho kinamfaa pia: siku mbili za maji ya kuoga, chakula na usingizi, siku ya tatu mambo mazito yawekwe mezani yote, bila kufichwa hata moja. Jambo lililofichwa likija kusikika baadaye kwa jirani huuma kuliko hasara yenyewe.

Tatu: Usiku wa kwanza

Hapa tunaomba wasomaji wasome polepole, kwa maana roho za watu zimo hatarini. Dereva aliyezoea kulinda shehena halali usingizi mzito. Mlio mdogo humwamsha na mkono wake hutangulia akili yake. Wako wanaoweka panga, rungu au chuma cha kufungulia magurudumu karibu na kichwa wanapolala garini. Akiendelea na desturi hiyo nyumbani, mtoto anayeamka gizani kwenda msalani anaweza kudhaniwa mwizi.

Tunashauri mambo manne. Vitu vyote vya kujihami vibaki ndani ya lori au vifungiwe mahali pasipofikika kwa haraka. Taa ndogo iachwe ikiwaka katika njia ya kwenda msalani. Watoto waambiwe kuita kwa sauti wanapotoka chumbani. Na aliyelala akishtuka, mwenzake asimguse ghafula begani. Amwite kwanza kwa jina akiwa kando kidogo.

Usingizi wenyewe hurudi taratibu. Mwili uliozoea kuwa macho saa nane za usiku hauwezi kubadilika kwa siku moja. Alale na kuamka saa zilezile kila siku, apunguze kahawa na majani ya mirungi, na asitafute usingizi katika pombe. Pombe humwangusha mtu mapema na kumwamsha usiku akiwa na hasira.

Nne: Fedha za safari

Habari ya kurudi kwa dereva husambaa mtaani kabla hajavua viatu. Wenye shida za kweli huja, wenye shida za kubuni huja, na wenye nia mbaya huangalia tu. Tahadhari ya kwanza ni ya kipolisi: asiingie na fedha taslimu nyingi, wala asizihesabu mbele ya watu. Aziweke benki, katika chama cha akiba na mikopo, au katika simu yenye nambari ya siri asiyoijua mwingine.

Tahadhari ya pili ni ya kifamilia. Kabla ya kununua kitu chochote kikubwa, mume na mke waketi na daftari. Ukurasa wa kwanza waandike yaliyolipwa wakati wa safari, wa pili madeni yaliyobaki, wa tatu yatakayohitajika mpaka safari ijayo. Watakaposoma kurasa hizo pamoja, huenda aliyekuwa akiuliza kwa uchungu fedha alizotuma zimekwenda wapi akaona kwa macho yake kwamba hazikutosha, na kwamba mwenziwe alizijazia kwa kuuza nyanya sokoni. Ndipo hata yule mbuzi hupata maelezo yake.

Kwa habari ya ardhi, tunawakumbusha kwamba Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake, inakataza kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi au inapata riziki yake, pasipo idhini ya mke au mume. Aliyerudi asiuze kiwanja kwa siri ili anunue gari, wala aliyebaki asiuze shamba kwa kuwa mwenzake yuko mbali.

Tano: Watoto

Mtoto mchanga akimkataa baba yake na kulia anapopakatwa, hilo si tusi wala si kazi ya mama. Mtoto hujua harufu na sauti alizokaa nazo. Baba akae sakafuni, acheze peke yake na kisanduku au kopo, amwache mtoto aje kwa hiari yake. Kwa kawaida huja.

Watoto wakubwa huhitaji kitu kingine: kuulizwa. Baba aliyekosa muhula mzima asianze kwa kudai ripoti ya shule. Awaombe wamwonyeshe njia wanayopita kwenda shuleni, aende nao kwa miguu asubuhi moja, awasikie. Adhabu isitolewe katika juma la kwanza kwa kosa lililotendwa yeye hayupo na ambalo mama alikwisha kulimaliza. Kulifukua ni kumvunjia mama heshima mbele ya watoto, na safari ijayo watamtii nani?

Sita: Mashaka juu ya uaminifu

Tungekuwa tunapamba maneno tu kama tungelipita jambo hili. Safari ndefu huzaa mashaka pande zote mbili. Mwenye nyumba huuliza mke alizungumza na nani. Mke naye amesikia habari za vituo vya malori njiani. Wengine huanza kupekua simu usiku, na ugomvi unaoanzia katika simu mara nyingi huishia katika jeraha.

Ushauri wetu ni kwamba mashaka yasemwe mchana, watu wakiwa hawajanywa, na watoto wakiwa hawapo. Kukiwa na ugumu, aitwe mtu mmoja anayeheshimiwa na wote: shangazi, mjomba, kiongozi wa dini au mwenyekiti wa LC1. Mume na mke waende pamoja kituo cha afya kupima afya zao, ikiwemo virusi vya Ukimwi. Kupima si kumshtaki mtu. Dereva hukagua gari lake baada ya kila safari na hakuna anayedai kwamba anamtukana mwenye gari. Na ikiwa kuna mtoto aliyezaliwa kwingine barabarani, ukweli usemwe ungali na nafasi ya kusikilizwa, kwa sababu mtoto huyo naye ana haki ya kutunzwa.

Saba: Lori na barabara za kijijini

Wapo wanaokuja na trela hadi karibu na makazi. Trela lililoegeshwa huwavutia watoto. Hucheza chini yake na kujificha nyuma ya magurudumu. Liegeshwe mahali palipotengwa, magurudumu yawekewe vizuizi, na kabla ya kuliwasha mtu azunguke na kuinama kutazama chini. Asiliache kando ya barabara usiku bila alama za kuakisi mwanga.

Tena, aliyekuwa Rwanda, Burundi, Kongo au Sudan Kusini amekuwa akiendesha upande wa kulia, wakati Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Mpakani hukumbuka, kwa kuwa vibao na askari humkumbusha. Hatari huja siku ya tatu nyumbani, anapokodi bodaboda alfajiri katika njia isiyo na gari jingine, na mazoea ya miezi yakampeleka upande usio wake.

Vilevile tunawaomba majirani. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, madereva walipimwa mipakani, foleni ya malori pale Malaba ikafikia makumi ya kilomita, na wengi wao waliogopwa hata na watu waliowajua tangu utotoni. Kazi yao ndiyo iliyotufikishia dawa, mafuta na chakula wakati ule. Anayerudi apokewe kama mtu wa hapo. Naye kwa upande wake amjulishe mwenyekiti wa LC1 kwamba amerejea, na kama amekuja na utingo au mgeni, amtambulishe. Mtu anayejulikana hashukiwi ovyo, na hupata msaada upesi.

Nane: Sheria inapovunjwa

Ushauri una mwisho wake. Kupiga, kutishia, kulazimisha tendo la ndoa, kutukana kwa kudhalilisha na kumnyima mwenzako mahitaji kwa makusudi ni ukatili wa majumbani. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya Uganda ya mwaka 2010 inatambua ukatili wa mwili, wa kingono, wa kihisia na wa kiuchumi. Anayepatikana na hatia anaweza kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, kutozwa faini, au vyote viwili. Sheria hiyo humlinda mwanamke, mwanamume, mtoto na mzee pia.

Uchovu wa safari ni sababu ya kumhurumia mtu. Haumpi ruhusa ya kumpiga mwenzake, wala sisi hatuupokei kama utetezi. Aliyeumizwa atafute matibabu kwanza, kisha afike kituo cha polisi chochote na kuomba fomu ya PF3, ambayo hutolewa bila malipo. Kitengo chetu cha Ulinzi wa Mtoto na Familia husikiliza mashauri haya faraghani, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Jirani anayesikia kilio asiseme ni mambo ya mume na mke. Apige simu.

Tisa: Kuondoka tena

Kwa dereva, kukaa nyumbani ni kati ya safari mbili, na namna anavyoondoka ndiyo inayoandaa namna atakavyorudi. Asiondoke alfajiri kama mtoro, watoto wakiwa wamelala. Jioni ya kuamkia safari amkabidhi mwenzake usukani kwa maneno yanayosikika na wote: fedha ziko wapi, nani aitwe kukiwa na dharura, uamuzi upi mama anaweza kuufanya bila kumngoja.

Akiwa njiani, achague saa moja ya kupiga simu, akiwa ameegesha gari, na azungumze na kila mtoto kwa zamu yake. Aulize habari ndogondogo: jino lililong'oka, kuku aliyetotoa, jirani aliyehama. Anayejua mambo madogo hashtushwi na makubwa, na siku ya kurudi hataikuta nyumba asiyoifahamu.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika kijiji chenu, nani humsaidia mke au mume aliyebaki wakati mwenzake yuko safarini? Msaada huo umepangwa au hutokea tu?
2. Ni jambo gani lililobadilika nyumbani mwenu mlipotengana, na linalofaa kubaki lilivyo?
3. Malori huegeshwa wapi katika eneo lenu, na watoto huchezea wapi?
4. Mzee wa familia au kiongozi wa mtaa afanye nini anaposikia ugomvi kwa aliyerejea jana?

Tunawaomba wenyeviti wa LC1, viongozi wa dini na vyama vya madereva wasome somo hili katika mikutano yao, wakaribishe maafisa wetu wa polisi jamii, na watusahihishe pale ambapo desturi za mahali pao zina njia bora zaidi.

Kwa dharura piga 999 au 112 bila malipo. Kwa jambo lolote linalomhusu mtoto, piga 116.

Tunawatakia madereva wote safari njema, na jamaa zao mapokezi ya amani.